Ngaahika Ndeenda: serikali iliogopa maneno au watu waliokusanyika?

Tarehe 16 Novemba 1977, ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Kiambu ilifuta leseni ya maonyesho ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya lugha ya Kikuyu, katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Mchezo ulikuwa umefunguliwa rasmi tarehe 2 Oktoba, kwa hiyo haukufikisha hata wiki saba. Usiku wa kuamkia 31 Desemba, polisi walimchukua nyumbani kwake Ngugi wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wawili wa tamthilia hiyo, wakati huo akiwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifungiwa Gereza la Kamiti kwa nambari K6,77 bila kushtakiwa kwa kosa lolote, akaachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, miezi mitatu na ushee baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta. Mwandishi mwenzake, Ngugi wa Mirii, hakuwekwa kizuizini.

Tangu siku hizo mjadala umegawanyika pande mbili. Wanaoitetea hatua ya serikali husema tamthilia ilichochea uhasama wa kitabaka na kufukua majeraha ya enzi ya Mau Mau katika wilaya ambayo bado ilikuwa na makovu mabichi. Wanaoilaani husema ile ilikuwa sanaa tu, na kwamba dola lililojiamini lisingetishwa na mchezo wa kuigiza wa wanakijiji. Pande zote mbili zina hoja, lakini naona zote hutafuta jibu mahali pamoja: ndani ya maandishi. Ukiyafuata matukio ya miaka kumi hivi kuanzia 1976, utaona maandishi yenyewe mara nyingi yaliachwa yapite. Kilichozuiwa ni watu kukutana na kuyafanya kuwa yao.

Tuanze na tamthilia yenyewe, maana wengi huijadili bila kuisoma. Inapatikana kwa Kiswahili pia, kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Kiguunda ni kibarua wa shamba. Ana mke, Wangeci, na binti, Gathoni. Mali yake yote ni ekari moja na nusu, na hati ya kipande hicho ameibandika ukutani ndani ya nyumba yake ya udongo. Mwajiri wake, Ahab Kioi wa Kanoru, ni tajiri mwenye mashamba, muumini wa kanisa na mkurugenzi wa benki. Kioi na mshirika wake Ikuua wa Nditika wanakitaka kipande hicho ili wageni kutoka ng'ambo wajenge kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Kioi hamtumii Kiguunda majambazi. Anamjia na mkewe Jezebel pamoja na marafiki wa kanisani, anawashauri Kiguunda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisa kwa vile wameishi miaka yote katika ndoa ya kimila. Kwa kuwa John Muhuuni, mtoto wa Kioi, anaonekana na Gathoni, wazazi wanadhani posa iko njiani na harusi yao wenyewe ndiyo itakayofungua mlango. Harusi ya kanisa inataka suti, gauni, keki na nyumba yenye viti vya heshima, na hayo yanataka fedha. Benki ipo, na hati iko ukutani.

Mnyororo unaofuata ndio kiini cha mchezo, na mwongozaji asiyeuelewa ataishia kuonyesha kisa cha binti aliyedanganywa. Hati inawekwa rehani. Fedha zinanunua vitu visivyozaa chochote. Gathoni anapata mimba, John anamkana. Wazazi wanakwenda kudai haki nyumbani kwa Kioi, wanadharauliwa, Kiguunda anachomoa upanga, Jezebel anatoa bastola. Kiguunda anafukuzwa kazi, na akikosa mshahara hawezi kulipa mkopo. Benki ambayo Kioi ni mkurugenzi wake inadai chake, shamba linapigwa mnada, na kiwanda kinapata kiwanja. Katika ngazi zote hizo hakuna hata moja iliyovunja sheria. Mwajiri ana haki ya kufukuza, benki ina haki ya kudai, mnada una haki ya kuuza. Unyang'anyi umefanywa na karatasi zilizotiwa sahihi ipasavyo.

Ni vigumu kuuona ukali wa jambo hili bila kuijua historia ya hati yenyewe. Zamani ardhi ya Wagikuyu ilishikwa na mbari, yaani ukoo, na mtu mmoja hakuweza kuipeleka rehani kwa mkopeshaji. Mpango wa Swynnerton, wa serikali ya mkoloni, wa 1954 ulikusudia kuunganisha vipande vilivyotawanyika, kuvipima na kumpa kila mwenye shamba hati yake binafsi. Huko Kiambu na wilaya jirani kazi hiyo ilifanyika katikati ya Hali ya Hatari, yaani utawala wa dharura wa mkoloni dhidi ya Mau Mau, maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini na familia zao zimehamishiwa vijiji vya kulindwa. Kamirithu yenyewe ilizaliwa kama kijiji cha aina hiyo. Homugadi na wengine waliosimama na serikali ya mkoloni walikuwepo wakati mipaka inachorwa, na wengi waliokuwa kambini walirudi wakakuta mambo yamekwisha. Hati ya Kiguunda, basi, ni ushindi na mtego kwa wakati mmoja: inamfanya mmiliki, na inamfanya mtu anayeweza kupigwa mnada. Hapa ndipo tamthilia inapougusa ubeberu kwa usahihi kuliko michezo mingi ya wakati ule. Mzungu haonekani jukwaani akitoa amri. Anasikika kama mwekezaji anayesubiri kiwanja kisafishwe, na kazi ya kukisafisha inafanywa na wenyeji wenye vyeo.

Majina nayo yamepangwa. Katika Biblia, Wafalme wa Kwanza sura ya 21, Mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake, naye Yezebeli, mke wa mfalme, anatunga kesi ya uongo hadi Nabothi anauawa. Hadhira ya Limuru, iliyolelewa na misheni, ilikijua kisa hicho kwa moyo. Wanaosema tamthilia inaushambulia Ukristo wanapaswa kulieleza jambo hili: waandishi wamechukua hukumu ya Biblia juu ya wanyang'anyi wa ardhi wakaiweka juu ya waumini matajiri.

Hata hivyo lalamiko la waumini siwezi kulitupa lote. Kila muumini anayepewa nafasi jukwaani ni tajiri au ni mfuasi wa tajiri. Gicaamba, jirani wa Kiguunda na mfanyakazi wa kiwandani, anasema waziwazi kwamba dini ni ulevi wa roho, na hakuna mhusika wa maana anayemjibu kwa hoja. Limuru ya 1977 ilikuwa imejaa vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu waliokwenda kanisani kila Jumapili bila kuwa na kibali cha mtu kama Kioi, na ndani ya kanisa hilohilo walipata nguvu ya kuvumilia na ya kukataa. Tamthilia haikuwapa sauti. Ni upungufu wa kisanaa kabla haujawa wa kisiasa, kwa sababu mchezo unaodai kusema kweli ya kijiji umeacha nje sehemu kubwa ya kijiji.

Upungufu wa pili ni Gathoni. Jina la tamthilia limetoka kwenye wimbo wa mlevi anayepita mwanzoni, anayejigamba kwamba ataoa apendapo maadamu mapadre wangalipo. Lakini mtu ambaye ndoa yake inabeba mchezo wote ana mistari michache. Anatamani viatu na nguo, anadanganywa, anafukuzwa na baba yake, anaishia kuwa mhudumu wa baa. Wangeci na Njooki, mke wa Gicaamba, wamechongwa kwa uangalifu zaidi. Gathoni ametumika kama bawaba ya kufungua na kufunga hadithi.

Sasa namna ilivyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo tofauti na michezo mingine inapoanza.

Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamirithu kilianza kufufuka 1976 baada ya mwanamke mmoja wa kijiji kumwendea Ngugi wa Thiong'o mara kwa mara akimtaka yeye na wasomi wenzake wawape wanakijiji sehemu ya elimu yao. Kituo kilianza na madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, na Ngugi wa Mirii ndiye aliyeyasimamia. Mchezo ulikuja kama mwendelezo wa madarasa hayo. Wanakamati waliagiza mswada, na kufikia Aprili 1977 rasimu ilikuwa mezani. Miezi miwili iliyofuata ilitumika kuisoma kwa sauti na kuijadili, ndipo Juni yakaanza mazoezi chini ya uongozi wa Kimani Gecau. Mazoezi yalifanyika Jumamosi na Jumapili alasiri, siku ambazo kibarua hayuko shambani, na yalifanyika mbele ya macho ya kila mpita njia.

Chukua mfano wa mishahara. Rasimu ilimtaka Gicaamba aeleze maisha ya kiwandani. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Limuru waliokuwa kwenye mazoezi walileta hesabu zao: jozi zinazotoka, mshahara unaolipwa, na pengo kati ya hivyo viwili. Hapo jambo lililokuwa hotuba likawa hesabu ambayo mtu anaweza kuikagua. Wazee walisahihisha lugha, wakisema mzee wa umri fulani hazungumzi hivi mbele ya mkwe. Wengine walisahihisha hatua za ngoma. Aliyekuwa ametengeneza bunduki za kujitengenezea wakati wa vita vya msituni alijua bunduki ya jukwaani inapaswa kuonekanaje. Jukwaa lenyewe vijana walilipanga kwa njiti za kiberiti juu ya ardhi, wakafanya mfano mdogo, kisha wakalijenga. Uwanja huo wa wazi ulichukua zaidi ya watu 2,000. Siku ya ufunguzi watazamaji wengi walishajua sehemu kubwa ya mistari kwa kuwa waliiona ikizaliwa.

Faida ya utaratibu huu iko wazi. Hasara yake haisemwi sana. Mazoezi ya hadharani ya miezi kadhaa humpa kila mtu nafasi ya kuchangia, pamoja na mtu wa usalama. Pia hufanya wahusika wa kubuni wapate nyuso za kweli. Kijijini, mkulima tajiri mwenye cheo kanisani na hisa kwenye benki hatabaki kuwa Kioi wa kwenye karatasi. Watu wataanza kuuliza ni nani. Waigizaji walikuwa vibarua, na waajiri wao waliishi kilima cha pili.

Hapo ndipo hoja ya serikali inapokuwa na uzito ambao watetezi wa tamthilia mara nyingi hawaupimi. Kenya ya 1977 ilikuwa imetikiswa na mauaji ya mbunge J.M. Kariuki miaka miwili nyuma. Vita vya kumrithi mzee Kenyatta vilikuwa vikiendelea chini kwa chini. Kiambu ilikuwa nyumbani kwa rais na kwa watu waliomzunguka. Familia za Mau Mau na za homugadi zilichota maji kwenye kisima kimoja, na msimamo wa serikali tangu uhuru ulikuwa watu wasamehe na kusahau. Mchezo unaoonyesha kwamba waliopigana walitoka mikono mitupu na waliomtumikia mkoloni ndio walioshika mabenki na mashamba, tena ukifunguliwa mwezi uleule ambao Hali ya Hatari ilitangazwa miaka 25 kabla, ungeweza kabisa kuwakasirisha watu kwa majina yao. Afisa mwenye dhamana ya usalama anayesema hilo halina hatari angekuwa hajui wilaya yake.

Lakini kuona hatari ni jambo moja, na namna ya kuishughulikia ni jambo jingine. Mkuu wa Wilaya alikuwa ndiye mwenye leseni na ndiye mwenye usalama. Alikuwa mlalamikaji na hakimu katika kiti kimoja. Mamlaka hayo yaliundwa na ukoloni kwa madhumuni ya kuzuia mikutano ya Waafrika, na yalirithiwa yakiwa mazima. Kikundi hakikusikilizwa kabla ya uamuzi. Serikali haikupeleka mahakamani ushahidi wowote wa ghasia, wala wa mtu mmoja aliyetoka kwenye onyesho akaenda kumdhuru jirani. Kizuizini nako ni vivyo hivyo: ukimfunga mtu karibu mwaka mzima bila shtaka, hoja yako, hata kama ilikuwa nzuri, haitajulikana kamwe kama ilikuwa ya kweli. Tamthilia ilikuwa inasema mamlaka halali yanaweza kutumika kumnyang'anya mnyonge bila kuvunja sheria. Waliofuta leseni walifuata njia hiyohiyo hatua kwa hatua.

Kuhusu uchochezi, maandishi yana jibu lake. Kiguunda anapochomoa upanga anashindwa. Anarudi nyumbani bila kazi, na muda si mrefu bila shamba. Hasira ya mtu mmoja inaonyeshwa kuwa mlango wa kuangamia. Anachopendekeza Gicaamba mwishoni ni watu wajipange kwa pamoja, na wimbo wa kufunga ni wa tarumbeta ya wafanyakazi na wakulima. Je, huo ni uchochezi? Kwa mwajiri anayeogopa chama cha wafanyakazi, ndiyo. Kwa sheria ya jinai, ni vigumu. Hata hivyo siwafuati wanaosema ilikuwa sanaa tu. Watu waliotumia miezi kukokotoa mishahara yao jukwaani hawakuwa wakicheza. Walitaka mambo yabadilike, na kuwaambia walikuwa wakiburudisha tu ni kuwapunguzia heshima yao.

Sasa ushahidi wa hoja yangu. Julai 1977, miezi mitatu kabla ya Ngaahika Ndeenda, Ngugi wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye mashtaka yaleyale: ardhi, benki, wageni, viongozi wasaliti. Ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, waziri wa fedha. Hakuna aliyeipiga marufuku. Wengi hukata shauri hapo kwamba tatizo lilikuwa lugha: Kiingereza kilivumiliwa kwa sababu mkulima hakisomi, Kikuyu kikazuiwa kwa sababu anakielewa. Kuna ukweli ndani yake, ila haujakamilika. Oktoba 1976, The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Kiingereza aliyoiandika na Micere Githae Mugo, ilipewa siku chache tu katika Kenya National Theatre, ukumbi uliokuwa ukitawaliwa na vikundi vya Wazungu. Mchezo ulipokwisha, watazamaji waliungana na waigizaji wakatoka wakicheza na kuimba hadi barabarani, mkabala na hoteli ya Norfolk. Polisi waliingilia baadaye kuzuia hilo lisiendelee. Lugha ilikuwa Kiingereza. Kilichowasumbua ni watu kuacha viti.

Tena, maandishi ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu yalichapishwa 1980, na ya Kiingereza 1982. Mchapishaji, Henry Chakava, alipata vitisho, lakini kitabu kiliuzwa madukani. Maneno yaleyale, lugha ileile. Halafu tazama 1982: kikundi cha Kamirithu kiliandaa mchezo mpya, Maitu Njugira, wenye nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, uliowekwa katika miaka ya kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kubeba), kodi ya kichwa na kazi za lazima chini ya mkoloni. Ulikuwa umejibu lawama mbili kwa mpigo: lawama ya ukabila, kwa kuwa uliimba lugha nyingi, na lawama ya kuchokoza walioko madarakani, kwa kuwa ulizungumzia miaka ya 1930. Ulipangwa kufunguliwa Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Waigizaji walikuta milango imefungwa. Wakafanya mazoezi ya wazi katika chuo kikuu, na maelfu wakaenda kuyatazama hadi hayo nayo yakazuiwa. Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamirithu, na polisi wenye silaha wakafika kwa malori matatu wakaubomoa uwanja. Hawakuchoma vitabu. Walibomoa viti na jukwaa.

Kuna kisa kimoja kinachoonekana kunipinga. Riwaya ya Matigari ma Njiruungi, iliyotoka kwa Kikuyu 1986, ilikusanywa madukani na polisi mapema 1987. Lakini kisa hicho kina sababu yake: zilienea habari kwamba wakulima wanamzungumzia Matigari kama mtu wa kweli anayezunguka nchini akiuliza maswali. Kitabu kilichukuliwa baada ya watu kukitoa ndani ya kurasa zake.

Hapa mtu wa Tanzania anaweza kuuliza mbona Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969 na kushughulikia vita vya Maji Maji na ubeberu wa Mjerumani, imefundishwa shuleni miaka nenda rudi bila mtikisiko. Jibu langu ni fupi. Mjerumani alishaondoka, na dola la Tanzania lilijiona mrithi wa waliopigana naye. Mchezo wa Kamirithu ulimtaja mrithi wa mkoloni akiwa bado ofisini.

Swali la Kiswahili lenyewe lina haki yake. Kenyatta aliamuru Bunge litumie Kiswahili 1974. Kwa nini wanaharakati wa Limuru wasiandike kwa lugha ambayo mfanyakazi Mluo au Mluhya wa kiwanda hichohicho cha viatu angeielewa? Watetezi hujibu kwamba methali, ngoma na ushauri wa wazee visingepatikana kwa lugha nyingine, nao wana haki, kwa sababu nusu ya nguvu ya mchezo imo humo. Lakini tamthilia inayohubiri umoja wa wafanyakazi, ikiwa imefungwa ndani ya lugha moja katika nchi yenye makabila zaidi ya 40, na lugha hiyo ikiwa ya jamii ya rais, ilijinyima wasikilizaji iliowahitaji zaidi. Maitu Njugira inaonyesha kikundi chenyewe kiliona hilo.

Sheria ya leo ingeihukumuje? Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa kuutaja, na kinauondolea ulinzi huo uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki, ikiwemo chuki ya msingi wa asili ya kijamii. Wakili mkali angejaribu kusema Kioi anachukiwa kwa tabaka lake. Angelazimika kuonyesha kwamba madhara yamechochewa, na upanga ulioshindwa ungemsumbua. La muhimu zaidi ni kwamba angelazimika kusema hayo mbele ya jaji. Mwaka 2013 wasimamizi wa tamasha la michezo ya shule walipoizuia Shackles of Doom ya shule ya wasichana ya Butere, Mahakama Kuu iliirudisha jukwaani. Hilo Kamirithu haikulipata. Ila Aprili 2025 shule hiyohiyo ilikwenda Nakuru na Echoes of War, ikiwa na amri ya mahakama mkononi, na bado polisi walitumia mabomu ya machozi nje ya mahali pa tamasha, huku mwandishi Cleophas Malala akizuiwa kuwafikia wanafunzi wake. Tabia ya kuiona hadhira kama ghasia inayosubiri kutokea haijafa na leseni za Mkuu wa Wilaya.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi, safari hii ndani ya Kenya National Theatre, chini ya mwongozaji Stuart Nash, kwa maonyesho ya Kiingereza na ya Kikuyu. Ilisifiwa, na hakuna aliyekamatwa. Wapo waliosema hiyo ni dalili ya uhuru, na wapo waliosema mchezo umefugwa. Nakubaliana na wa kwanza kwa sehemu: kizazi kilichokuwa kikiusikia kwa jina tu kiliuona kwa macho, na Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliuona ukirudi akiwa hai. Lakini ukumbi wa mjini wenye tiketi unachuja hadhira kabla pazia halijafunguliwa.

Kwa atakayeupandisha tena jukwaani, haya ndiyo ninayoyaona ya lazima. Hotuba za Gicaamba ni ndefu na zinajirudia. Hapo kisu kiingie, maana mwigizaji wa kawaida hupoteza hadhira baada ya ukurasa wa pili. Usikate hesabu za mishahara. Zibadilishe ziwe za leo, na uzipate kutoka kwa wanaochuma chai na wanaofanya kazi kiwandani, si kutoka kwa takwimu za mezani. Gitiiro, ngoma ya majibizano ya wanawake wakati wa posa na harusi, isifupishwe ikawa kiitikio, kwa sababu ndani yake upande mmoja unadai na mwingine unajibu, na ukiiondoa mizani hiyo, ndoa ya kanisa inayofuata haina cha kulinganishwa nacho. Matukio ya Hali ya Hatari huingia katikati ya mazungumzo ya sasa, na watazamaji wasioijua historia hupotea. Ngoma moja inayojirudia kila wakati unaporudi nyuma inatosha kuwaongoza. Hati ya ekari moja na nusu ionekane toka mstari wa nyuma kabisa. Ikiwa ni karatasi ndogo isiyosomeka, siku inapoondoka ukutani hakuna atakayeona.

Na mahali. Eneo la uwanja uliobomolewa lilijengwa chuo cha ufundi, lakini viwanja vya wazi Limuru havijakwisha. Onyesho la Jumapili alasiri, waigizaji wakiwa watu wa hapo, mazoezi yakiwa wazi tangu siku ya kwanza na kiingilio kikiwa kile ambacho kibarua anaweza kukitoa mfukoni, ndilo litakaloonyesha kama Kifungu cha 33 kinawalinda watu au kinayalinda maandishi peke yake.